Fuko Aitwaye Kasereka

Beni, tarehe 27 mwezi wa tano 2024

Ndugu Salomon,

Asalam aleikum. Najua wewe ni mtu wa misa, lakini salamu yangu ni hiyo hiyo, ipokee.

Mdogo wangu Kasimu atakukabidhi bahasha hii pamoja na flashi. Usiipoteze kama ile nyingine. Ndani kuna filamu ya michoro, ile iliyotolewa katika mchezo wa simu wa Chimba. Kama huujui mchezo wenyewe, uliza mtoto yeyote hapo Mususa: fuko mdogo mwenye taa kichwani anachimba, anaokota mawe ya njano, na maji yanamfukuza kwa nyuma. Hapa Beni wanaucheza mpaka simu za mama zao zinazimika. Mimi napiga sokoni kuuliza mchele umefika wapi, hakuna anayepokea, kumbe fuko yuko shimoni.

Sasa wamesikia kwamba fuko ametoka kwenye simu ameingia kwenye filamu. Nimewaahidi kuionyesha siku ya Idi katika nyumba yangu ya video, watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wote pamoja. Shida ni kwamba fuko anaongea Kifaransa, tena cha mbio. Niliwajaribishia watatu jikoni kwangu. Mmoja akaniuliza, "Mama Hawa, huyu fuko iko nasema nini? Iko nagombana ao iko nasali?"

Kwa hiyo nakuomba uitie sauti kama ulivyotia zile nyingine. Tia Kiswahili chetu, si kile cha redio. Na tafadhali usiweke yale matusi ya kambini uliyoyaweka kwenye filamu ya vita. Imamu alikuwa anapita nje.

Nisalimie mama yako, Mama Kaswera. Je, mmepata habari yoyote ya ndugu yako mkubwa Kambere? Hapa sisi tunamwombea.

Wako katika kazi,
Hawa

*

Butembo, Mususa, tarehe 8 mwezi wa sita 2024

Mama Hawa mpendwa,

Flashi ndiyo hii, na Idi njema mapema.

Kazi nimeifanyia katika chumba ambacho mama anawekea maharagi. Nimetundika mablanketi ukutani ili jogoo wa jirani asiingie kwenye filamu. Aliingia mara moja tu, pale fuko anapoamka, na ikafaa, basi nikamwacha. Sauti zote ni zangu kama kawaida. Ya nyanya wa fuko nimeiiba kwa mwanamke anayeuza makala, mkaa wa kupikia, kwenye kona yetu. Akija kuisikia, nimekwisha.

Jina la fuko kwa Kifaransa halitamkiki, nikaona watoto watacheka jina badala ya kucheka filamu. Kila nikifungua mdomo kumsemea, najisikia mimi mwenyewe, mtoto mdogo anayeogopa giza. Basi nikampa jina langu. Anaitwa Kasereka. Utaona mwenyewe anavyomfaa.

Umeniuliza habari ya Kambere. Hakuna mpya. Unajua alivyoondoka: alichukua groupe, mashine yetu ya umeme iliyokuwa inaendesha nyumba yetu ya video, akaipeleka Manguredjipa kuvuta maji kwenye shimo la dhahabu. Alisema anarudi nayo Noeli. Baadaye mchimbaji mmoja alituletea habari kwamba shimo lilijaa, groupe ikazama, Kambere mwenyewe akatoka mzima. Halafu bunduki zikasikika upande ule, watu wakatawanyika, na simu yake tangu siku hiyo haiiti. Noeli mbili zimepita.

Mama amechoka kungoja. Amekwenda parokiani, amepewa tarehe 24 mwezi wa nane: misa ya marehemu. Baada ya misa baba zetu wadogo watagawa shamba lake la Lubero, maana mtu akishasomewa misa ile, mambo yake yamefungwa. Mimi nasema Kambere ni mzima, ana haya tu kurudi mikono mitupu. Nilipomwambia mama hivyo alinitazama akasema, "Salomon, haya haiue simu."

Nisalimie Kasimu. Gari lake limeanza kukohoa tena, mwambie.

Kasereka Salomon

*

Beni, tarehe 18 mwezi wa sita 2024

Ndugu Salomon,

Umenivunjia Idi.

Nakueleza vizuri ili upate kujua. Watoto walijaa mpaka dirishani. Wengine walikaa juu ya magunia yangu ya mchele na sikusema kitu, maana ni sikukuu. Filamu ikaanza. Jogoo akawika, wakacheka. Nyanya wa fuko akatukana mvua, wakacheka. Halafu fuko akajitambulisha: "Mimi ni Kasereka!" Mtoto mmoja mbele akasema, "Paluku iko wapi?" Mwingine akajibu, "Na Kambere?" Baada ya hapo, ndugu yangu, ilikuwa vurugu. Kila fuko akiingia shimo jipya, chumba kizima kinapiga kelele: "Paluku iko wapi! Kambere iko wapi!"

Mimi nimezaliwa Beni. Najua Mnande hamtaji mtoto bila kuhesabu, wa kwanza Paluku, wa pili Kambere, wa tatu Kasereka. Lakini sikufikiri fuko naye anahesabiwa! Sisi mtoto wetu akiitwa Baraka ni Baraka, hata akiwa wa saba. Hawa watoto walimwona Kasereka peke yake nyumbani kwa nyanya wakajua kuna wawili wamefichwa. Mama mmoja alisimama akanijia mlangoni, sura imebadilika. "Mama Hawa, umekata kipande. Bale bakubwa baliuawa, na weye hautake batoto baone." Nikaapa kwamba sijakata kitu. Hakuniamini. Alimshika mwanawe mkono wakaenda.

Ni kosa lako wewe peke yako, mtu mzima mwenye ndevu. Watoto wanataka kuiona tena, lakini wanataka iliyokamilika. Mwite fuko Paluku, mambo yaishe. Kasimu atapita kuichukua.

Nimekasirika, lakini pilau yako nilikuwekea, Kasimu akaila njiani.

Hawa

*

Butembo, Mususa, tarehe 29 mwezi wa sita 2024

Mama Hawa mpendwa,

Nisamehe. Nilicheka niliposoma barua yako, halafu sikucheka tena.

Kumwita Paluku siwezi. Katika nyumba yetu Paluku ni mtoto aliyekufa kwa surua kabla mimi sijazaliwa, na mama hapendi jina lile lichezewe. Kwa hiyo fuko anabaki Kasereka, lakini watoto wana haki. Wakubwa wake lazima wawepo.

Nimewatafutia nafasi. Unakumbuka kwenye shimo la mwisho, taa ya fuko inapozimika? Picha inakuwa nyeusi kwa muda mrefu, na kwa Kifaransa kuna muziki na maji tu. Pale ndipo nimewaweka. Taa ikiwaka tena anaonekana yule fuko mkubwa mwenye sikio lililochanika. Kwa Kifaransa ni mgeni tu anayelinda maji, hana jina. Nami nimempa jina. Sisemi zaidi, utaiona.

Nina ombi. Kasimu akienda Manguredjipa na mizigo, abebe kopi. Awape wale vijana wanaochaji simu kwenye makambi ya wachimbaji, wale wanaotia watu filamu kwenye simu zao. Wasitoze, wasambaze tu, mpaka kwenye mashimo ya mbali kabisa. Nitashukuru sana. Usiniulize sababu.

Kasereka Salomon

*

Beni, tarehe 9 mwezi wa saba 2024

Ndugu Salomon,

Nilipopokea barua yako nilimwambia Kasimu, "Tazama, huyu sasa anataka kuwa vedeti, nyota wa filamu. Anataka wachimbaji wa msituni wamjue." Nilikuwa nimeshakuandikia barua ya kukucheka, yenye kurasa mbili. Nimeichana.

Niliiona filamu jana na watoto. Taa ikazimika. Fuko mdogo akaita gizani: "Paluku!" Nyanya akajibu kutoka juu, polepole, "Paluku alitangulia, mutoto wangu, muache apumuzike." Watoto wakatulia, maana katika nyumba zao nyingi yuko Paluku wa namna hiyo. Halafu akamwita mkubwa wake: "Yaya Kambere!" Akaita tena. Na taa ikawaka, na yule mkubwa yuko pale, na wewe ukasema maneno yale:

"Yaya Kambere, juu ya nini haurudiye ku nyumba?"

"Nitarudiya na nini? Mashine ilizama mu mai. Na miye naogopa mai."

"Hatutafute mashine. Mama iko nakutafuta weye."

Sauti yako ilikatika pale, Salomon. Watoto walidhani ni fuko anayelia. Mimi nilijua ni nani. Nimelia mbele ya watoto, na mimi si mtu wa kulia kwa ajili ya fuko. Mwishoni walipopanda pamoja kwenye mwanga, chumba kizima kilipiga makofi, na yule mama wa siku ya Idi alikuja kunishika mkono.

Kwa hiyo hii si filamu tena, ni barua, na umeituma mahali ambapo posta haifiki. Kasimu ameshabeba kopi. Amekwenda nazo mwenyewe, na amesema ataziacha pia kwa wenye pikipiki wanaoingia ndani zaidi.

Sasa nikuulize jambo gumu kama mama, usinichukie. Je, akiwa amekufa kweli? Mama yako ana haki ya kulia akamaliza. Nataka uniahidi: tarehe 24 ikifika na kimya ni kile kile, hutamzuia. Na usimwambie habari ya filamu hii. Usimpe mama wa watu tumaini ambalo huna hakika nalo.

Hawa

*

Butembo, Mususa, tarehe 20 mwezi wa saba 2024

Mama Hawa,

Nimesoma, na nimekaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kujibu.

Naahidi. Kimya kikiendelea, nitabeba picha yake mimi mwenyewe mpaka kanisani, na sitasema neno.

Mama ameanza kuchagua maharagi ya siku ile. Anayachagua mlangoni mwa chumba changu cha kazi, kwa hiyo sasa nafanya kazi huku nasikia mawe madogo yanadondoka kwenye sahani. Picha ameshaitoa ukutani. Ni ile Kambere aliyopigwa mbele ya nyumba yetu ya video, ameweka mguu juu ya groupe kama mwindaji. Jana aliniuliza, "Juu ya nini uko nalalamika humo ndani, unaita Kambere, Kambere?" Nikamwambia ni kazi, ni jina la mtu wa filamu. Aliitikia tu, akaendelea na maharagi. Naona aibu kumdanganya.

Mbuzi amekwisha nunuliwa. Watu wa Lubero wamearifiwa. Mama Hawa, naogopa sana.

Salomon

*

Beni, tarehe 17 mwezi wa nane 2024

Salomon mwanangu,

Keti kwanza. Umeketi?

Ningekupigia simu, lakini mtu niliye naye hapa amenishika mkono amekataa. Anataka usome kwanza maneno yake. Jana aliingia nyumba yangu ya video akakaa nyuma na watoto, akaona filamu mpaka mwisho, halafu akashindwa kuinuka. Watoto walimletea maji. Nimemlisha, na Kasimu amempa shati. Alhamdulillah.

Karatasi yake ndiyo hii. Kasimu atangoja mlangoni kwenu mpaka apate jibu, hata kama italazimu alale kwenye gari.

Mama yako Hawa

*

Beni, tarehe 17/8

Kasereka,

Ni miye. Minaandika mbaya, unajua, masomo uliikula weye yote.

Kwanza, iko bongo, iko neno ya uongo, mu film yako. Unasema Kambere anaogopa mai. Nani aliogopa mai? Ni miye nilikuwa nakubeba ku mugongo kuvuka muto Kimemi, na weye unafunga macho! Batu bote ba Manguredjipa sasa banajua Kambere ni muoga. Urekebishe ile fasi, pale mu giza.

Pili, sauti uliniwekea ni ya mbuzi.

Nakuambia vile nilisikia. Tulikuwa ku fasi ya kuchaji simu, mvua inanyesha, batu wengi chini ya bâche moja ya plastiki, simu moja katikati. Banacheka ile fuko. Na miye nilicheka, ile muzee jogoo wa jirani nilimujua mara moja, lakini nilisema hapana, majogoo yote inalia vile vile. Kisha giza. Nikasikia weye unaita Paluku. Paluku umemuweka muzuri, nakushukuru. Kisha ukaniita. Batu bakacheka, bakasema, Kambere, fuko iko nakutafuta! Nilisikia mpaka ile neno ya mashine, nikatoka ku mvua. Hakuna mutu alijua.

Usiku ule wote na siku zilizofuata ile neno haikutoka ku kichwa: hatutafute mashine. Miye nilijua munatafuta mashine. Ile groupe ndiyo ilikuwa kula na kuvaa ya nyumba yote, na miye niliizamisha. Nilisema nitafanya kazi mpaka nipate ingine, ndipo nirudi. Simu niliuza. Nikaenda ndani zaidi, fasi batu hawanijui. Mwaka ikapita, na mwaka ikapita. Kila siku ilikuwa ngumu kupita ile ya nyuma. Sina dhahabu, sina groupe, niko na viatu ya mutu.

Nikauliza film ilitoka wapi, bakanionyesha gari ya Kasimu, na yeye alinileta. Na utanicheka: tulipita Butembo muchana, tukapita karibu kabisa na Mususa, na miye nilijifunika bâche nyuma ya gari kama gunia ya chumvi. Nilisikia watu banasema Kinande inje, nikalia mule ndani. Sikuweza kushuka. Mama Hawa anasema munatayarisha misa yangu. Donc, ni kusema niko mufu. Uniambie kweli, Kasereka. Mama atanipokea vile niko, ao nibakie mufu? Kama ni ile ya pili sitakasirika. Nitarudi ku musitu.

Yaya yako,
Kambere Gracien

*

Butembo, Mususa, tarehe 18 mwezi wa nane 2024

Yaya Kambere,

Kasimu yuko mlangoni anakula, kwa hiyo nina muda kidogo. Naandika mbio, utanisamehe mwandiko.

Nilimsomea mama barua yako yote, hata ile habari ya sauti ya mbuzi. Alikuwa anachagua maharagi na hakuacha. Nilipomaliza aliuliza jambo moja: "Amekonda?" Nikamwuliza Kasimu, Kasimu akasema ndiyo, kidogo. Mama akaendelea kuchagua. Halafu akasema, "Lete ile fuko yako niisikie."

Hajawahi kukaa mbele ya filamu maisha yake yote, unamjua. Nilimwekea kompyuta, ile ninayoichaji kwa jirani, juu ya gunia, nikaisogeza mpaka pale gizani. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza Injili. Alisikia jina la Paluku, akafanya ishara ya msalaba. Alikusikia wewe. Mwisho akasema, "Ile haiko sauti ya Kambere. Na Kambere haogope mai." Kwa hiyo umeshinda, nitairekebisha.

Kisha aliinuka akachukua picha yako kutoka mezani, palipokuwa tayari na mishumaa. Akaipangusa kwa kitenge chake, akaenda kuitundika ukutani kwenye msumari wake wa zamani. Alirudi akakaa, ndipo akalia. Alilia sana, yaya. Nililia naye, na Kasimu akatoka nje akajifanya anatazama magurudumu. Nilikuwa nimesahau namna unavyocheka, nikaogopa kwamba sitaikumbuka tena. Leo nimeikumbuka.

Umeuliza kama utapokelewa au ubakie marehemu. Swali lako nilimpelekea mama mwenyewe, maana si langu kulijibu. Nilimwambia pia kwamba sasa tukaifute ile misa. Akakataa kata kata. Padri ameshapanga siku, watu wa Lubero wako njiani, mbuzi yuko nyuma ya nyumba anakula majani ya jirani. Amekwenda parokiani kwa miguu yake, amebadilisha nia tu: sasa ni misa ya shukrani. Baba zetu wadogo hawajafurahi sana kuhusu shamba, lakini hilo utazungumza nao ukiwa mbele yao.

Panda gari la Kasimu leo hii. Kaa mbele, karibu na dirisha. Ukipita tena Butembo umejifunika bâche nitaishusha mwenyewe barabarani mbele ya watu. Groupe hatuna, na siku ya kwanza utakayokuwa hapa tutakaa gizani wote watatu na hatutakuwa na shida.

Mama amesimama nyuma yangu. Anasema niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisiongeze sauti yangu. Ndiyo haya:

"Mwambie maharagi nitayaloweka siku ya tano, kesho yake misa, sitangoja mutu. Akuye akule chakula ya matanga yake."

Ni mimi ninayekufuata,
Kasereka